Je, Wajua? Utomvu wa Mdudu, Ncha ya Almasi na Mashine ya Santuri

Je, wajua kwamba santuri za kwanza za mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu? Mwaka 1928 Siti alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya HMV. Santuri za enzi hizo zilikuwa za shelaki, ute mgumu unaoachwa na wadudu wadogo kwenye matawi ya miti huko India na nchi za jirani. Ute huo ulichanganywa na unga laini wa mawe na masizi, kisha ukakandamizwa kwa moto. Ndiyo sababu santuri hizo ni nyeusi, nzito, na zikianguka sakafuni huvunjika kama chungu.

Shelaki huyeyuka kwenye spiriti. Wapo watu wenye nia njema waliotia pamba kwenye spiriti, wakafuta vumbi la santuri ya mwaka 1930, na kumbe walikuwa wanaufuta wimbo wenyewe. Kwa santuri ya namna hii tumia kitambaa laini chenye maji kidogo, na uikaushe mara moja.

Kwa hiyo mtu aliyerithi sanduku la santuri, iwe Tanga, Lamu au Muscat, asikimbilie kununua mashine kabla hajazitazama santuri zenyewe. Za shelaki huzunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa ile ya kawaida ya inchi 10 humalizika kwa dakika tatu hivi. Plastiki ya vainili ilishika zamu baadaye. Kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ndefu, LP, ya mizunguko 33⅓ mwaka 1948, na mwaka uliofuata RCA Victor ikaleta ile ndogo ya mizunguko 45. Mashine nyingi zinazouzwa madukani leo zina kasi hizo mbili tu. Kama mali yako ni taarabu ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, hakikisha namba 78 imo, vinginevyo utakuwa na mashine nzuri isiyoweza kukuchezea hata wimbo mmoja.

Namba pekee haitoshi. Mfuo wa santuri ya shelaki ni mpana: sindano yake huwa na ncha yenye nusukipenyo cha karibu milimita 0.075, ilhali cha LP ni kama milimita 0.018. Ukiweka sindano ya LP kwenye shelaki, inatumbukia hadi chini ya mfuo na kukokota uchafu wa miaka tisini, nawe unasikia mkwaruzo mwingi kuliko sauti ya mwimbaji. Mashine nzuri hukuruhusu kubadilisha sindano. Mimi ningelitazama jambo hilo kabla ya kutazama rangi ya mbao au taa zake.

Na LP ina mifuo mingapi kila upande? Kwa kawaida ni mmoja tu! Unaanzia ukingoni na kujizungusha kuelekea katikati, na ukinyooshwa unazidi mita 400. Kuta mbili za mfuo huo hubeba sauti mbili tofauti, ya kushoto na ya kulia, kwa wazo ambalo mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliliombea hataza mwaka 1931, zaidi ya miaka 25 kabla santuri za sterio hazijafika madukani. Pale ukingoni sindano hupita kwenye nusu mita ya mfuo kila sekunde. Karibu na lebo hupita sentimita 21 tu. Sauti ileile inabanwa katika nafasi ndogo zaidi, na ndiyo maana mafundi walipenda wimbo wa polepole uwe wa mwisho.

Sasa fikiria kinachogusa kuta hizo. Ni ncha ya almasi, jiwe gumu kuliko vainili kwa mbali sana, na imebebeshwa uzani. Kwenye mashine yenye mkono wa sindano unaorekebishika, uzani huo kwa kawaida ni kati ya gramu moja na nusu na mbili. Zile mashine ndogo za mkoba, zenye spika ndani yake, nyingi hukandamiza kwa gramu tano au zaidi, na mkono wake haurekebishiki. Zinavutia, bei yake ni nafuu, na kwa santuri unazoweza kuzipata tena kesho hazina neno. Lakini santuri iliyobaki nakala chache duniani haistahili kuwekwa chini ya mzigo huo. Kwa pesa hizohizo mara nyingi utapata mashine iliyotumika yenye mkono wa maana, ununue sindano mpya, maana sindano nyingi huchoka baada ya saa 500 hadi 1,000, na iliyochoka hukata.

Kuna jambo linalowachanganya wengi siku ya kwanza: mashine inazunguka, sindano imetua, na sauti inatoka nyembamba na dhaifu. Mashine haijaharibika. Besi hutikisa mfuo kwa upana mkubwa, hivyo wakati wa kuchonga santuri hupunguzwa, na sauti za juu huongezwa. Lazima kitu kiirudishe mizani mahali pake upande wa pili. Kazi hiyo hufanywa na amplifaya yenye tundu lililoandikwa PHONO, au kifaa kidogo cha kuunganisha katikati. Baadhi ya mashine mpya zina kifaa hicho ndani, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Santuri za mizunguko 45 zina mambo yake, nami nazipenda kuliko zote. Nairobi ilizichapisha kwa wingi, hata za muziki wa bendi za Tanzania, na kwa sababu upande mmoja haukutosha wimbo mzima wa dansi, wimbo ulikatwa vipande viwili. Maneno yanaanza upande wa kwanza. Ukigeuza, magitaa yanachemka. Baadhi zina tundu pana la katikati, la milimita 38, nazo zinahitaji kizibo maalumu, kitu kidogo cha plastiki au chuma ambacho muuzaji wa mashine kuukuu husahau kukutafutia.

La mwisho ni la ndugu walioko Marekani wanaotaka kutuma mashine nyumbani kwa kontena. Wengi hukumbuka tofauti ya volti, 120 kule na 230 au 240 huku, wakaongeza transfoma. Lakini umeme wa kule una hezi (Hz) 60 na wa Afrika Mashariki una 50, na transfoma haibadilishi hezi. Mashine nyingi za zamani zina mota inayofuata hezi hizo hatua kwa hatua, kwa hiyo ikifika Mombasa au Dar es Salaam, LP ya mizunguko 33⅓ itazunguka chini ya 28. Mwimbaji wa kike atasikika kama mwanamume aliyechoka. Mashine zenye mota ya umeme wa DC, au zinazoongozwa na kioo cha kwatsi kama Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979, hazina shida hiyo, ingawa volti bado lazima zilingane. Kwa nyingine, fundi atalazimika kubadilisha puli ya mota, ikiwa itapatikana. Pindua mashine usome kibandiko cha chini au cha nyuma kabla hujafunga kontena: ukiona 50/60Hz, na suala la volti umelimaliza, itume.