Kioo kipya kimefungwa, chenga za cha zamani ziko wapi?

Mabibo, jijini Dar es Salaam, ni mtaa wa magari. Barabara ya Mandela, njia ya malori yanayotoka bandarini kuelekea Ubungo, inapita ubavuni mwake. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kilichoanzishwa mwaka 1975, kiko hapo hapo. Na katikati ya nyumba za kupanga zimo gereji zisizo na ukuta wala sakafu, ambako fundi hufanya kazi chini ya mwarobaini au kwenye kipande cha uwanja. Kibaka akivunja kioo cha mlango usiku, au jiwe likiruka kutoka kwenye tairi la lori, wengi hukimbilia huko. Kioo kingine hutafutwa kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, huletwa kwa bodaboda, na jioni gari linaondoka likiwa zima.

Zinazobaki ni chenga. Zimejaa ndani ya mlango, zimejificha chini ya siti, na zimetapakaa mchangani pale gari lilipoegeshwa. Mteja amelipa, fundi amepokea gari jingine, na kila mmoja anaamini kazi imekwisha. Haijakwisha. Kubadilisha kioo ni pamoja na kuondoa kilichovunjika, chenga kwa chenga, kwenye gari na kwenye ardhi ya watu.

Ili kuelewa kwa nini chenga huwa nyingi hivyo, tuangalie kioo chenyewe kinavyotengenezwa. Kioo cha mlango na cha nyuma, kwa magari mengi, hukazwa kwa moto. Hupashwa joto linalozidi nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupulizwa hewa baridi kwa ghafla. Sehemu ya nje huganda kwanza. Ya ndani hupoa baadaye huku ikijivuta, na kioo kizima hubaki kimebeba mkazo. Mkazo huo ndio unaokipa nguvu, na ndio unaokisambaratisha chote kikitobolewa mahali pamoja. Punje zake hazichani kama kioo cha dirisha la nyumba, na zilikusudiwa hivyo ili kupunguza majeraha ya abiria. Lakini bado zinakata kidole na unyayo, na unga wake ukiingia jichoni ni hatari.

Kioo cha mbele ni kingine kabisa. Hicho ni vioo viwili vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki katikati. Wazo lake linatokana na mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus. Mwaka 1903 chupa ya maabara ilimdondoka, ikapasuka bila kutawanyika kwa sababu ndani yake kulikuwa na utando wa kemikali iliyokauka. Mwaka 1909 alipata hataza ya uvumbuzi wake. Kwa sababu ya utando huo, kioo cha mbele hubaki kimeshikana hata kikipasuka. Hata hivyo, fundi anapokikata kutoka kwenye gundi, vipande vyembamba hudondokea kwenye matundu ya hewa ya dashibodi. Siku dereva anapowasha feni, vinaweza kumrukia usoni.

Hatari ya mlangoni ni ya polepole. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji ya mvua. Chenga zikiviziba, maji yanatuama na kutu inaanza kula bati kutoka ndani, mahali ambapo mwenye gari haoni. Zikinasa kwenye raba, kioo kipya kinachubuka kila kinapopandishwa na kushushwa. Gari linalochakacha kila mlango unapofungwa halijasafishwa.

Usafi wenyewe hauhitaji mitambo mikubwa, unahitaji utaratibu. Kabla ya kugusa chochote, turubai litandikwe chini ya mlango. Fundi avae glovu nene, miwani na viatu vya kufunika vidole. Kava ya ndani ya mlango ifunguliwe ili chenga zitoke zote kabla kioo kipya hakijaingia. Kubwa ziokotwe, ndogo zifyonzwe kwa mashine. Hewa ya kompresa isitumike kuzipuliza, kwa kuwa inazisukuma kwenye pembe zisizofikika na kuzirusha machoni.

Kisha siti zisogezwe mbele, halafu nyuma, na reli zake zifyonzwe. Asiingize mtu mkono mtupu kwenye maungio ya siti wala kwenye kifungio cha mkanda. Siti ya mtoto, kama ipo, itolewe nje na kitambaa chake kikaguliwe mshono kwa mshono. Kapeti likishafyonzwa, solotepu pana ikandamizwe juu yake na kubanduliwa, itaokota punje ambazo mashine imeziacha. Mwisho, futa kwa kitambaa chenye maji, kisha kitupe. Kisirudi kufuta dashibodi. Kwa ukaguzi, laza tochi ya simu karibu na sakafu: chenga itang'aa. Na rudia ukaguzi huo baada ya siku chache, maana mashimo ya barabara za mitaani hutikisa gari na kuzitoa zilizokuwa zimejificha.

Sasa turudi kwenye ardhi, kwani hapo ndipo wanaoumia si wenye gari. Uwanja wa gereji Mabibo ni njia ya mwanafunzi, ni uwanja wa chandimu, ni mahali mama anapoweka meza yake ya vitumbua. Ndala iliyochakaa haizuii kipande cha kioo. Ufagio wa chelewa huzifukia chenga mchangani badala ya kuziondoa. Mchanga wa juu ni lazima uzolewe kwa koleo pamoja nazo. Jeraha la kioo lenye udongo linaweza kuleta pepopunda, kwa hiyo lioshwe kwa maji safi na mgonjwa apelekwe kituo cha afya kuulizia chanjo. Jicho lililoingiwa lisifikichwe kamwe.

Zikishazolewa, zisitiwe kwenye kiroba. Kiroba hutoboka, na wa kwanza kukatwa ni kijana anayekusanya taka nyumba kwa nyumba, kisha wale wanaochambua taka kule dampo la Pugu Kinyamwezi. Ndoo ya rangi yenye mfuniko, au boksi gumu lililofungwa kwa solotepu na kuandikwa VIOO kwa herufi kubwa, inatosha kuokoa vidole vya mtu. Wala zisichanganywe na chupa chakavu zinazouzwa: kioo cha gari kinaweza kuwa na utando wa plastiki, rangi nyeusi pembezoni, tinti au nyuzi za kuondoa ukungu, na hakifai kuyeyushwa pamoja na chupa.

Sheria zipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamlinda anayefanya kazi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inagusa taka zake. Moyo wa usafi nao tunao: tarehe 9 Desemba 2015 taifa zima liliadhimisha Siku ya Uhuru kwa kushika mafagio. Kinachokosekana ni makubaliano madogo kati ya mteja na fundi.

Kwa hiyo, mwenye gari, kabla ya kutoa hela ulizia usafi kama unavyoulizia bei ya kioo, na uwe tayari kuulipia. Fundi, nunua turubai na koleo kabla ya spana nyingine. Serikali za mitaa, waulizeni wenye gereji vioo vyao vilivyovunjika vinakwenda wapi. Mtoto anayekatiza uwanjani peku hakuvunja kioo cha mtu, na hapaswi kukilipia kwa damu yake.