Tunamwombea nani tunapoiombea Nchi Takatifu?

Tarehe 7 Oktoba Wakatoliki huadhimisha sikukuu ya Bikira Maria wa Rozari. Mwaka 2023 iliangukia Jumamosi, na asubuhi ile wapiganaji wa Hamas walivuka uzio wa Gaza, wakaua watu wapatao 1,200 na kuteka wengine 251. Mabomu ya Israel yakaanza kuanguka Gaza siku hiyohiyo. Tangu hapo, makanisa mengi ya kandokando ya Ziwa Victoria hayajaacha kuiombea Nchi Takatifu.

Kwetu Sengerema, mwenye kutoa wito huo mara nyingi ni katekista. Padre ana vigango vingi na hawezi kufika kila Jumapili, kwa hiyo katekista ndiye anayeongoza ibada, ndiye anayeandika nia za maombi, na ndiye anayeamua nani atajwe mbele ya waamini. Watu humsikiliza. Ndiyo maana naandika haya nikimfikiria yeye kwanza, kabla ya askofu na kabla ya mwanasiasa.

Nia inayosikika sana ni fupi: tuiombee Israel. Mwamini aliyelelewa na Zaburi ya 122 anaipokea kwa moyo mweupe, maana Israel anayoijua ni ya Abrahamu na manabii. Lakini jirani yake Mwislamu, anayeuza naye dagaa meza kwa meza, anasikia kwamba kanisani wamechagua upande. Yeye naye ametoka msikitini kuwaombea Wapalestina. Hapo vita vya mbali vinakuwa vimeingia sokoni kwetu, na tumevikaribisha kwa sala.

Wala si vya mbali kama tunavyodhani. Clemence Mtenga, kijana wa miaka 22 kutoka Rombo, na Joshua Mollel wa miaka 21, kutoka Simanjiro, walikuwa wamekwenda Israel kujifunza kilimo cha kisasa. Clemence alikuwa katika kijiji cha ushirika (kibbutz) cha Nir Oz, Joshua katika kile cha Nahal Oz. Joshua hakuwa amemaliza hata mwezi mmoja. Wote wawili waliuawa siku ile ya Oktoba. Mwili wa Clemence uliletwa nyumbani Novemba 2023. Wa Joshua ulipelekwa Gaza, ukabaki huko. Serikali ilitangaza kifo chake Desemba 2023, lakini wazazi wake walikaa karibu miaka miwili zaidi bila kaburi, hadi mwili ulipokabidhiwa Israel usiku wa tarehe 5 Novemba 2025.

Watu wa ziwa hili hawahitaji kufafanuliwa maana ya kungoja huko. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama, mamia ya watu hawakuonekana tena, na wengi waliopatikana walizikwa pamoja Igoma, Mwanza. Ziko familia ambazo hadi leo hazina pa kuweka msalaba wala pa kusomea dua. Baba aliyengoja mwili wa mwanawe Simanjiro tunamwelewa. Basi na tumwelewe pia baba wa Khan Younis, Gaza, anayechimbua kifusi kwa mikono, maana kungoja kwake ni kulekule. Mapigano yaliposimamishwa Oktoba 2025, Wizara ya Afya ya Gaza ilikuwa imehesabu vifo zaidi ya 67,000, na waliokuwa bado chini ya vifusi hawakuwemo.

Kanisa la Yerusalemu lenyewe lilituonyesha namna ya kuomba. Kardinali Pierbattista Pizzaballa, Patriarki wa Kilatini, aliwaita waamini wafunge na kusali tarehe 17 Oktoba 2023. Siku moja kabla yake, alipoulizwa, alisema yuko tayari kutolewa badala ya watoto waliotekwa. Watoto hao karibu wote walikuwa wa Kiyahudi, na kundi lake yeye ni Wakristo, wengi wao Wapalestina. Sijui sala iliyo wazi kuliko hiyo.

Jioni ya siku ileile ya mfungo, mlipuko uliua watu wengi katika hospitali ya Al-Ahli, Gaza, na kila upande ukamtupia mwenzake lawama. Al-Ahli ni hospitali ya Kanisa Anglikana. Wanaotibiwa pale karibu wote ni Waislamu. Msomaji wa Sengerema anaijua hospitali ya namna hiyo. Hospitali Teule yetu ni ya Kanisa Katoliki, na mama mjamzito anayefikishwa pale usiku kutoka Buchosa haulizwi anasali wapi. Anapelekwa leba.

Gaza kuna parokia pia, Familia Takatifu, yenye waamini mia chache. Papa Fransisko aliipigia simu karibu kila jioni hadi siku zake za mwisho, Aprili 2025. Desemba 2023 mama na binti yake waliuawa kwa risasi ndani ya uwanja wa parokia hiyo. Ofisi ya Patriarki ilisema ni mdunguaji wa Israel, jeshi likakanusha. Julai 2025 kanisa lenyewe lilipigwa kombora, wakafa watu watatu, na paroko Gabriel Romanelli akajeruhiwa. Hao ni ndugu zetu wa imani. Katika nia nyingi nilizozisikia hawatajwi, kwa sababu waamini wengi hawajawahi kuambiwa kwamba yuko Mpalestina anayesali rozari.

Wapo watakaosema katekista asiingie kwenye siasa. Lakini anapotaja taifa moja na kunyamazia watu wa jingine, ameshaingia. Namwomba awataje watu. Amtaje Clemence na Joshua, mateka waliorudi na waliokufa wakiwa kifungoni, mama na binti wa Familia Takatifu, watoto wa Gaza waliolala njaa. Na kama kigangoni kuna jirani Mwislamu anayelia habari za Rafah, Gaza, ibada ikiisha aende akampe pole, kama anavyokwenda msibani kwa mtu yeyote wa kijiji.