Haki Huanza Kwenye Jeraha

Breonna Taylor, mwanamke mweusi wa miaka 26, alikuwa mhudumu wa idara ya dharura hospitalini mjini Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani. Muda mfupi baada ya saa sita usiku, kuamkia 13 Machi 2020, polisi wenye hati ya upekuzi walivunja mlango wa nyumba yake. Mpenzi wake, akidhani wamevamiwa, alifyatua risasi moja. Polisi wakajibu kwa risasi 32. Breonna, ambaye hakuwa na silaha, alianguka ushorobani.

Kumbukumbu za mawasiliano ya polisi zilionyesha kuwa zaidi ya dakika 20 zilipita bila yeye kupatiwa tiba. Baadaye mchunguzi wa vifo alieleza kuwa asingeweza kuokolewa. Hata hivyo, kauli hiyo ilitokana na uchunguzi. Sisi matabibu hatumhesabu mtu kuwa maiti kwa kumtazama tu: hupimwa mapigo ya moyo, hukandamizwa jeraha linalovuja damu, ndipo uamuzi hutolewa.

Julai 2024, jimboni Illinois, Sonya Massey, mwanamke mweusi wa miaka 36, aliwaita polisi akihofia kuwa kulikuwa na mtu akinyemelea nyumba yake. Mmoja wa askari wawili waliofika alimpiga risasi kichwani, kisha akamwambia mwenzake kuwa hapakuwa na haja ya kuleta mkoba wa huduma ya kwanza. Mwenzake hakumsikiliza, alimhudumia majeruhi hadi wahudumu wa afya walipofika.

Mahakama zimesema neno lake. Mwaka 2024 askari mmoja alitiwa hatiani kwa kukiuka haki za Breonna, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 33. Aliyemuua Sonya alitiwa hatiani kwa mauaji mwaka 2025.

Tangu mwaka 2014, taasisi ya African American Policy Forum imekuwa ikihimiza majina ya wanawake kama hawa yatamkwe, kwani husahaulika upesi kuliko ya wanaume. Kwetu wanataaluma ya afya, kuyatamka hakutoshi. Yatupasa kudai kwamba kila abebaye bunduki kwa niaba ya umma ajue kuzuia damu, na awajibike asipofanya hivyo. Breonna angewafanyia hivyo wale waliompiga risasi, kwani ndiyo iliyokuwa kazi yake.