Hati ya Faini Isiyojibiwa Huzaa Kosa la Pili

Kabla kadeti hajafundishwa kushika bunduki, hufundishwa kuitika. Jina lake likitajwa gwarideni hana budi kujibu, hata kama anaitwa ili aadhibiwe. Katika majuma yangu ya kwanza chuoni nilichelewa kwata asubuhi moja, na sajini akaniamuru nifike mbele yake jioni ile nikiwa na mkoba mgongoni. Sikwenda. Nilidhani kwamba katika wingi wa makadeti atanisahau. Kesho yake kule kuchelewa kwangu hakukutaja hata kidogo. Aliniadhibu kwa kutofika nilipoitwa, na adhabu hiyo ilinichukua juma zima.

Nililikumbuka jambo hilo siku koplo mmoja, dereva hodari na mtu wa heshima, aliponipa lifti katika gari lake mwenyewe. Juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kile kibao cha kukinga jua, alikuwa amechomeka hati tatu za faini za barabarani, zimekunjwa vizuri kama barua za mchumba. Nilipomwuliza, alijibu: "Afande, nangoja nipate fedha zote, nizilipe kwa mara moja." Nikamwuliza tarehe ya mwisho ya kila moja. Hakujua. Hakuwa amezisoma.

Ndugu askari wengi huichukulia hati ya faini kuwa ni deni, kama deni la dukani ambalo mwenye duka atalikumbusha mwisho wa mwezi. Lakini hati hiyo ni wito wa sheria, nao una tarehe. Aliyeandikiwa huwa na njia mbili za heshima: kulipa kabla ya siku iliyowekwa, au kwenda kujitetea mbele ya wenye mamlaka ya kusikiliza. Kunyamaza hakumo katika njia hizo, na anayenyamaza hujiongezea kosa ambalo trafiki aliyemsimamisha barabarani hakumwandikia.

Mfano ulioandikwa kwa ukamilifu kuliko yote niijuayo ni wa mji mdogo wa Ferguson, katika jimbo la Missouri, nchini Marekani. Mji huo ulipata kujulikana duniani Agosti 2014, baada ya kijana Michael Brown kuuawa kwa risasi na polisi. Wizara ya Sheria ya Marekani ilifanya uchunguzi, na taarifa yake, iliyotolewa Machi 2015, ilieleza pia habari za mahakama ya mji na hati zake za faini.

Humo imo habari ya mwanamke mmoja ambaye mwaka 2007 aliegesha gari lake mahali pasiporuhusiwa. Ilikuwa mara moja tu. Alipewa hati mbili, na faini yake ilikuwa dola 151 pamoja na ada. Mwanamke huyo alikuwa na shida ya fedha, na kuna nyakati hakuwa hata na mahali pa kuishi. Kati ya 2007 na 2010 alishtakiwa mara saba kwa kutofika mahakamani au kutolipa katika siku zilizowekwa, na kila mara mahakama ilitoa hati ya kukamatwa kwake na kumwongezea faini na ada mpya. Alikamatwa mara mbili, akakaa mahabusu siku sita. Mara mbili alijaribu kulipa kidogo kidogo, dola 25 na dola 50, na mahakama ikamrudishia kwa kusema kwamba inataka fedha zote kwa pamoja. Ilipofika Desemba 2014 alikuwa amekwisha kulipa dola 550, na bado akidaiwa dola 541. Jumla yake ni zaidi ya mara saba ya faini ya kwanza, na yote kwa gari lililosimama mahali pabaya siku moja.

Wala hakuwa peke yake. Mji wenyewe ulikuwa na wakazi wapatao 21,000, na mwezi huohuo wa Desemba zaidi ya watu 16,000, wengine wakiwa wa kutoka nje ya mji, walikuwa na hati za kukamatwa zilizotolewa na mahakama hiyo. Dereva aliyepewa hati kwa kosa la uendeshaji, asipofika mahakamani, aliweza kusimamishiwa leseni. Naye akiendelea kuendesha ili afike kazini, akisimamishwa tena, huongezewa kosa la kuendesha bila leseni halali.

Hapa nina neno kwa ndugu zetu wa polisi, kwa kuwa habari ya Ferguson haimhusu raia peke yake. Machi 2010 mkurugenzi wa fedha wa mji ule alimwandikia mkuu wa polisi kwamba hati zisipoongezwa sana kabla ya mwisho wa mwaka, itakuwa vigumu kuongeza makusanyo ya mwaka unaofuata. Askari akipewa kazi ya namna hiyo hugeuka kuwa mtoza ushuru mwenye bastola, na wananchi humwona hivyo. Tena wachunguzi walikuta kwamba baadhi ya hati zilikuwa na maelezo pungufu au tarehe zisizo sahihi za kufika mahakamani. Trafiki anayeandika tarehe kwa haraka, isisomeke, anamtega mwenzake. Kosa la kutofika linapaswa kuwa la yule aliyejua siku yake.

Wako pia walionyamaza kwa kiburi. Wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa mjini New York walilindwa na kinga yao, na kati ya Novemba 1997 na Novemba 2002 waliacha hati zaidi ya 150,000 za maegesho bila kuzilipa, thamani yake ikipita dola milioni 18. Mwaka 2002 sheria ilibadilishwa: mji ukapewa uwezo wa kuwanyang'anya namba za kidiplomasia, na madeni yao yakaruhusiwa kukatwa, pamoja na nyongeza ya asilimia kumi, katika misaada ya Marekani kwa nchi zao. Makosa yakapungua kwa karibu asilimia 98. Watu walikuwa walewale, na maegesho yalikuwa machache kama zamani. Nayasema haya kwa sababu wako madereva miongoni mwetu wanaodhani kwamba namba ya jeshi, au kofia ya sare iliyowekwa makusudi mbele ya kioo, ni kinga ya namna hiyo.

Afisa anayepelekwa kozi Uingereza hujifunza haraka. Hati ya maegesho inayobandikwa kwenye kioo na maafisa wa halmashauri hulipwa nusu ikilipwa ndani ya siku 14. Akinyamaza, barua humfuata mwenye gari. Akizidi kunyamaza, kiasi kizima huongezwa kwa nusu yake, kisha deni huandikishwa mahakamani, na mwisho madalali hubisha hodi wakidai na gharama zao juu.

Hapa Uganda, Juni 2025, serikali ilianzisha faini za kamera, ambazo taarifa zake zilitumwa kwa simu kwa mwenye gari. Malalamiko yakawa mengi, na mwezi uleule mfumo ukasimamishwa ili uangaliwe upya. Hata hivyo jambo moja lilidhihirika: kamera haimtambui dereva, husoma namba ya gari tu. Kambini tunauziana magari kwa kupeana mkono, na jina katika kitabu cha gari hubaki la yule wa kwanza. Sajini aliyeuza gari lake na kuhamishiwa kikosi cha mbali anaweza kuandikiwa faini asiyoijua, na muda wake ukapita akiwa hajui kwamba umeanza.

Ama koplo wangu, nilimwomba aegeshe gari kando. Alizikunjua hati zake moja moja juu ya usukani, akasoma. Mbili muda wake ulikuwa umekwisha. Ya tatu ilikuwa imebakiwa na siku nne. Fedha alizokuwa nazo zilitosha hiyo moja, lakini alikuwa akizihifadhi hadi zitimie za zote tatu. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri. Akaniomba ruhusa anishushe palepale ili aiwahi benki kabla haijafungwa, nami nikaendelea na safari yangu kwa bodaboda.