Mkandaji Mwema Huanza kwa Maswali

Watu wengi waendao kwa mkandaji kwa mara ya kwanza hutazamia kwamba kazi itaanza mara tu walalapo. Lakini mkandaji aliyefunzwa vema huanza kwa kuuliza. Maumivu yako wapi, na yalianza lini? Je, umeanguka? Una homa? Umepasuliwa au umejifungua karibuni? Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Asiyeuliza lolote, ni heri kumuaga na kuondoka.

Sababu ya maswali hayo hufahamika mtu akumbukapo somo la mzunguko wa damu. Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa njia ya vena, nayo husukumwa hasa na misuli ya miguu inapojikaza. Mtu alalapo kitandani siku nyingi, mwendo wa damu hiyo hupungua, na donge la damu laweza kufanyika ndani ya vena. Mguu huvimba, huuma na huwa na joto. Mara nyingi ni mguu mmoja tu. Mgonjwa hudhani kwamba msuli umeshtuka, naye huomba achuliwe. Hapo ndipo penye hatari. Donge likikatika, huchukuliwa na damu mpaka upande wa kulia wa moyo, na kutoka huko husukumwa mapafuni, ambako laweza kuziba njia na kuua kwa muda mfupi. Mguu wa namna hiyo haukandwi. Mgonjwa hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako ni desturi ya tangu zamani mzazi kukandwa kwa maji ya moto, jambo hili lina uzito wa pekee. Damu ya mwanamke huganda kwa wepesi zaidi wakati wa ujauzito na katika majuma 6 ya kwanza baada ya kujifungua. Hatusemi kwamba kila mzazi akandwaye yumo hatarini. Lakini bibi anayemkanda, kabla hajakamua kitambaa chake, yafaa ailinganishe miguu yote miwili, na ayapime maji yasije yakamwunguza.

Mfupa uliovunjika nao haukandwi, wala ngozi yenye jeraha.

Maswali yakiisha, utaombwa kuvua nguo zifunikazo mahali pa kukandwa tu. Sehemu nyingine hufunikwa kwa shuka. Huna wajibu wa kuvua zaidi ya upendavyo. Mafuta, yawe ya nazi au ya ufuta, kazi yake kubwa ni kupunguza msuguano. Kisha huja mikono, na hapa wanafunzi wa fizikia wana hesabu ya kufanya. Kani ya niutoni 60 ikitolewa kwa kiganja chenye eneo la sentimita za mraba 100, kanieneo ni paskali 6,000. Kani iyo hiyo ikitolewa kwa ncha ya kidole gumba, yenye sentimita za mraba 4, kanieneo hufikia paskali 150,000! Basi usione haya kumwambia mkandaji apunguze nguvu. Imani kwamba pasipouma hapaponi haina msingi.

Nafuu yenyewe hutoka wapi? Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba habari za mguso na habari za maumivu hukutana katika uti wa mgongo, na kwamba mguso waweza kuyafungia maumivu mlango yasifike ubongoni. Nadharia hiyo imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, lakini yasaidia kueleza kwa nini mtoto aliyejigonga goti hulisugua upesi.

Utasikia pia ikisemwa kwamba kukanda hukamua asidi ya laktiki kutoka misulini. Asidi hiyo huondolewa na mwili wenyewe katika muda wa saa moja hivi baada ya mazoezi. Maumivu ya kesho yake hutokana na nyuzi za misuli zilizodhurika kidogo, na kukandwa huyapunguza kwa kiasi tu. Hata baada ya kukandwa, mwili waweza kuuma siku moja au mbili. Ganzi, au udhaifu wa mkono au mguu, ni jambo la kumwonyesha daktari.