Taa ya sola ya nje haiwaki? Jaribu haya kabla ya kununua nyingine

Mwezi uliopita mama jirani yetu hapa Nakivale alikuja na taa ya nje mkononi. Ni zile taa za sola zinazofungwa juu ya nguzo ya mti au bomba mbele ya nyumba. Giza likiingia zinajiwasha, asubuhi zinajizima. Yake ilikuwa inamulika njia ya kutoka mlangoni hadi chooni. Tangu izime, binti zake hawakutoka tena usiku bila kusindikizwa, na mara nyingine walijizuia mpaka kupambazuke. Fundi mmoja alikuwa amemwambia sensa imekufa, haina dawa, anunue nyingine.

Nilimuuliza: "Mama, kabla haijazima kabisa, iliwahi kuwaka mchana?" Akasema ndiyo, siku mbili hivi. Jibu hilo lilituonyesha ugonjwa hata kabla ya kushika bisibisi.

Jicho la taa liko wapi?

Katika taa nyingi ndogo za sola hakuna sensa ya peke yake. Paneli yenyewe ndiyo jicho. Jua likiipiga inatoa umeme, na sakiti ya ndani inaelewa kwamba ni mchana: inachaji betri na kuizuia taa isiwake. Jioni umeme wa paneli ukishuka, sakiti inawasha taa. Sasa waya wa paneli ukikatika, sakiti haipati umeme wowote, na kwake huo ni usiku usioisha. Taa inawaka mchana na usiku, betri haichajiwi, na muda si mrefu inaisha kabisa. Ndicho kilichompata mama huyu. Waya mmoja ulikuwa umeliwa na kutu pale unapoingia kwenye kasha. Kuuunga upya hakukuchukua hata nusu saa.

Taa nyingine zina jicho la kweli, kidude cha duara kidogo kama punje ya hindi, chenye mistari inayopindapinda kama nyoka. Likijaa vumbi au kifuniko chake kikiingia ukungu, taa inadhani ni usiku. Lifute kwanza kabla ya kulilaumu. Na kama taa yako ina kiputo cheupe mfano wa nusu ya mpira, hicho hutambua mtu anayepita. Ikiwaka hafifu mpaka mtu akaribie, si mbovu, imepangwa hivyo.

Jaribio la kitambaa

Mchana, hakikisha swichi imewashwa (watoto huichezea), kisha funika paneli yote kwa kitambaa kizito. Subiri nusu dakika.

Ikiwaka vizuri, taa ni nzima na tatizo ni mahali ilipo. Huenda mwanga wa duka au wa jirani unaipiga usiku. Kuna pia ile inayowaka na kuzima, kuwaka na kuzima, mara tu giza linapoingia. Mara nyingi hiyo inajiona yenyewe: mwanga wake unagonga bati jipya au ukuta mweupe na kurudi kwenye paneli. Igeuze kidogo uone.

Ikiwaka hafifu kisha ikafa, au isipowaka kabisa, anza na paneli. Wakati wa kiangazi vumbi la barabarani huifunika mpaka inabadilika rangi. Ioshe kwa maji na kitambaa laini. Mchanga na stilwaya zitaikwaruza. Angalia kivuli pia. Jani moja la mgomba likifunika kona tu ya paneli, umeme unaweza kupungua sana, kwa sababu vipande vyake vimeunganishwa kwa mfuatano. Halafu usiinamishe paneli sana kama kwenye picha za maboksi. Nakivale iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta na jua letu hupita karibu juu ya kichwa. Ilaze, uiache na mteremko mdogo tu ili mvua iioshe.

Baada ya kuosha, zima swichi na uache taa juani siku mbili kamili. Ikiwaka usiku kwa muda mfupi tu hata baada ya hapo, betri imechoka.

Betri: hapa ndipo watu wanapoungua

Soma maandishi kwenye betri ya zamani kabla ya kwenda sokoni, au nenda nayo. Kuna aina tatu za kawaida. Ya volti 1.2 inafanana na betri ya redio. Ya volti 3.2 na ya volti 3.7 zote ni za lithiamu na mara nyingi zina umbo moja, milimita 18 kwa 65, kwa hiyo wauzaji huzichanganya. Si kitu kimoja. Sakiti ya betri ya 3.7 huchaji mpaka volti 4.2, wakati betri ya 3.2 haitakiwi kuzidi kama 3.65. Ukiweka ya 3.2 kwenye taa ya 3.7 itachajiwa kupita kiasi, inaweza kuvimba au kuvuja. Na betri kavu za redio zisiwekwe kabisa kwenye taa ya sola. Hazikutengenezwa kuchajiwa, zinaweza kupasuka.

Usidanganywe na namba kubwa. Betri ya umbo hilo iliyoandikwa 9900 mAh ni ya uongo. Nzuri za kawaida huwa karibu 1500 hadi 3500.

Piga picha ya waya kwa simu kabla ya kuzitoa, ili usigeuze chanya na hasi. Usilehemu moja kwa moja juu ya betri ya lithiamu, joto linaiharibu. Nunua yenye vibati vya kulehemu. Iliyovimba usiitoboe, usiichome moto, wala usiitupe chooni. Iweke mbali na watoto, ndani ya chombo chenye mchanga mkavu, mpaka upate mahali panapopokea betri chakavu.

Unapofungua kasha

Ukungu wa kijani kwenye vyuma ni kutu. Usugue kwa mswaki wa zamani na maji ya limau, futa kwa kitambaa chenye maji safi kidogo, kausha kabisa. Waya uliokatika menya mpaka shaba inayong'aa, sokota, lehemu, funga tepu. Unapourudisha, uache uning'inie kidogo chini ya tundu unapoingilia, ili maji ya mvua yadondoke badala ya kufuata waya hadi ndani. Paka silikoni juu na pembeni. Kama kuna kitundu chini ya kasha usikizibe, ndicho kinachotoa jasho la ndani.

Kwa wenye umeme wa gridi

Taa ya nje ya volti 240 yenye jicho hujaribiwa kwa kitambaa vilevile, ila usiifungue mwenyewe. Mara nyingi jicho hilo ni kifaa cha peke yake chenye waya tatu, na fundi wa umeme anaweza kukibadilisha bila kubadili taa nzima. Azime swichi kuu, si ya ukutani tu.

Na zile nguzo ndefu za sola za barabarani na kwenye visima usizipande, hata kama unajua kazi. Andika namba ya nguzo kama ipo, umpelekee kiongozi wa RWC wa kijiji chenu, au mwenyekiti wa LC1 kwa wenyeji. Mweleze pia kama inawaka mchana, inawaka kwa muda mfupi, au haiwaki kabisa, ili atakayetumwa aje na kifaa kinachohitajika.