Bahari Inakula Pwani? Tupime Kwanza

Mzee akisema bahari imekula shamba lake, sisi twamwamini. Lakini mwanasayansi atauliza: imekula hatua ngapi, na tangu lini? Hiyo ndiyo kazi yake.

Wataalamu huanza na alama ya saruji isiyosogea, mbali na maji. Kutoka hapo hupima mteremko wa mchanga mpaka chini, wakati maji ya bamvua yamekupwa. Kisha hurudi pale pale, msimu baada ya msimu. Kwa nini? Kwa sababu mawimbi ya kusi huenda yakachukua mchanga, na kaskazi ukaurudisha. Anayepima mara moja tu, tena wakati wa kusi, atawatisha watu bure! Kujua ya zamani, hulinganisha picha zilizopigwa kutoka kwa ndege na za setilaiti.

Wala si kila mahali bahari inasonga mbele. Malindi ufuo umepanuka na maji yakawa mbali, kwa ajili ya udongo unaoletwa na mto Sabaki. Kumbe udongo wa shamba lisilo na matuta kule Machakos wafika Malindi!

Kikundi chenu nacho kinaweza. Chagueni ukuta imara, wa shule au wa kanisa, mpime kwa futikamba hadi majani yanapokomea, muandike tarehe. Kila mwezi, hata ule ambao hakuna kilichobadilika. Daftari hilo mtamwonyesha chifu siku lori la kuchota mchanga litakapokuja.